Saa Kumi na Moja Jioni



Tangu mwaka 2010, sheria ya vileo nchini Kenya, ile ambayo wananchi waliipachika jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, imeziagiza baa zifungue milango saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifunge saa tano usiku. Wikendi zinafungua saa nane mchana. Nia ya sheria ilikuwa njema: watu wasilewe asubuhi. Kama inafuatwa huko kwenu au haifuatwi, hilo mnalijua wewe, mwenye baa na askari wa zamu.

Lakini leo sizungumzi na anayekunywa. Nazungumza na aliyeacha, awe ameacha juzi au mwaka juzi, na pamoja naye nazungumza na mkewe, mumewe, mamake, rafiki yake na bosi wake. Maana ikifika saa kumi na moja, mwili wake unajua ni saa ngapi kabla hajatazama saa. Mate yanajaa mdomoni, viganja vinatoa jasho. Mara anakumbuka kwamba kuna kitu alitaka kununua dukani, ingawa hawezi kukitaja. Mara ugomvi mdogo na mwenzake wa kazini, uliokwisha tangu saa nne asubuhi, unarudi mpya kabisa na kudai kunywewa.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwanasayansi Mrusi, Ivan Pavlov, alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kupata chakula baada ya ishara fulani hudondokwa na mate akiipata ishara hiyo, hata kama chakula chenyewe hakipo. Aliyekunywa kila jioni kwa miaka mingi amefundwa vivyo hivyo, na aliyemfundisha ni yeye mwenyewe. Mlio wa kizibo, moshi wa nyama choma, rumba inayopigwa mbali, vyote ni ishara. Wazee walisema mazoea yana taabu, na hawakuwa wanazungumzia mapenzi peke yake.

Sisi, msikilizaji, tunajua sana kumwachisha mtu pombe. Tunamwombea, tunamwapisha mbele ya wazee, tunamfungia nyumbani, tunamwaga chang'aa mtaroni huku kamera zikipiga picha. Tusichokijua ni kukaa naye jioni zinazofuata.

Kabla sijafika huko, kuna tahadhari ambayo siwezi kuiruka. Mtu anayekunywa kila siku, yule anayeamka akitetemeka mpaka apate glasi ya asubuhi ya kutoa loki, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo ukishaizoea hujichangamsha kupita kiasi ili uweze kufanya kazi licha yake. Ukiiondoa pombe kwa ghafla, mchangamko ule hubaki bila cha kuuzuia. Kati ya saa 6 na saa 24 baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, moyo ukaenda mbio na homa ikapanda, na hali hiyo huua. Hospitalini ziko dawa za kumtuliza, ambazo hupunguzwa siku baada ya siku, na atapewa vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa miaka mingi huwa ameishiwa nayo na ukosefu wake huharibu kumbukumbu. Wako watu waliokemewa pepo usiku kucha kumbe ni kifafa cha pombe. Ombeni, sikatazi, lakini ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Basi, wiki hiyo ikapita. Mikono imetulia, anakula, macho yameanza kuwa meupe. Ndugu wanashangilia, mchungaji anamtolea mfano. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo wengi wetu huondoka.

Profesa Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliyefariki mwaka 2011, alitumia maisha yake kuchunguza kwa nini watu hurudia. Aliwafundisha wagonjwa wake kuitazama hamu kama wimbi la bahari. Wimbi huinuka, hufika kilele, huvunjika. Anayesimama kulizuia kwa kifua hupigwa chini, na anayejiachia juu yake hufikishwa ufukweni. Msikilizaji wa Lamu au Kilifi hahitaji kuelezwa zaidi. Maana yake ni kwamba hamu haipandi milele. Usipoilisha, mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa. Mnywaji hajui jambo hili, na si kwa ujinga. Hajawahi kuingoja. Miaka yote ameikata ikiwa na dakika tano.

Kwa hiyo swali linakuwa dogo kuliko tulivyodhani. Haulizwi mtu ataishije maisha yake yote bila pombe. Hilo ni swali la kumrudisha baa mbio. Anaulizwa atafanya nini kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na moja na nusu.

Jirani yangu mmoja ni fundi wa magari, na ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Saa kumi na nusu jioni, kazi iwe imeisha au haijaisha, anakula. Si mandazi, ni chakula: githeri, au chapati mbili na ndengu, kwa mama mwenye kibanda mkabala na gereji. Mama yule ameshamzoea, humwekea sahani kabla hajaagiza. Fundi anasema aligundua kwamba nusu ya kiu yake ilikuwa njaa. Akishakula ananawa grisi kwa sabuni ya unga, kidole kimoja kimoja, bila haraka, maana mikono isiyo na kazi ndiyo inayokumbuka glasi. Halafu anampigia simu mzee mmoja aliyeacha pombe zamani. Siku moja nilikaa karibu nikasikiliza, nikitarajia mawaidha. Walizungumza habari za Gor Mahia, wakazungumza bei ya unga, wakamalizia na goti la mzee linalouma wakati wa baridi. Pombe haikutajwa hata mara moja. Simu ilipokatika, fundi alivuka barabara akapanda matatu ya njia ya kuzunguka, ambayo haipiti mbele ya baa yake ya zamani. Nauli yake ina nyongeza ya shilingi ishirini. Nilipomuuliza kama haoni hasara, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto.

Simu hiyo ina historia. Mei 1935, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa mjini Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka imeharibika, mfukoni hana kitu, na amekaa bila pombe miezi mitano tu. Amesimama ukumbini katika hoteli ya Mayflower. Upande mmoja baa inaunguruma kwa vicheko, upande mwingine ipo simu na orodha ya makanisa. Alikwenda kwenye simu. Alichouliza ndicho kinachonivutia: hakuomba mtu wa kumsaidia, aliomba aelekezwe kwa mlevi ambaye yeye angemsaidia. Kesho yake akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye alikuwa bado anakunywa na aliyekubali kumpa dakika 15 tu. Walikaa saa nyingi hadi usiku. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao. Mikutano yao ipo Nairobi na miji mingine yetu. Haina ada, na mtu hujitambulisha kwa jina la kwanza tu. Pale hakuna anayeapa kuacha maisha yote, kinachoahidiwa ni siku moja. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Wapo wasiopendezwa na maneno yao ya kiroho, na si lazima kila mtu apite mlango huo. Lakini lile la kumtafuta mwenzako jioni inapokaza, sijaona aliyepona asiyelifanya kwa namna fulani.

Sasa tuzungumze pesa, maana hapa wengi huzama. Tarehe ya mwisho wa mwezi simu inalia, ujumbe wa mshahara umeingia. Muulize yeyote aliyeacha: mlio ule una ladha. Pesa iliyo mfukoni saa kumi na moja jioni ina mapenzi yake yenyewe. Wenye akili huiondoa kabla: kodi ya nyumba, karo na sacco zinalipwa saa sita mchana, na jioni simu inabaki na nauli na ya maziwa. Haya si mambo ya kumnyang'anya mtu mzima pesa zake, jamani. Ni yeye mwenyewe anayeamua akiwa timamu mchana kwa niaba ya yeye yule wa jioni.

Mnamo 2018 kaunti ya Kiambu ilianzisha mpango ulioitwa Kaa Sober, vijana walevi wakapewa kazi ya kufagia na kuzibua mitaro kwa shilingi 400 kwa siku. Watu waliucheka, wengine wakahoji gharama zake, na haukudumu. Mimi sikuucheka wote. Uliona jambo ambalo wahubiri wengi hawalioni, kwamba mtu asiye na kazi ana saa kumi na mbili za kupigana na hamu badala ya nusu saa. Lakini kuwapa kazi bila ushauri nasaha wa kutosha na bila mpango wa jioni ni kuwaandalia safari nusu. Shilingi 400 na jua linazama, msikilizaji, unajua zinakoelekea.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulidhania dogo, nalo ni kusema hapana. Tunadhani kukataa glasi ni suala la msimamo. Ni suala la mazoezi. Eldoret kulifanyika utafiti miongoni mwa wagonjwa wa kliniki za HIV wanaokunywa pombe, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Walikuwa watu 614. Kundi moja lilihudhuria vikao sita vya ushauri, kwa Kiswahili, wanaume kivyao na wanawake kivyao. Walioviongoza hawakuwa madaktari wa akili, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa vizuri. Wenzao walipewa mafunzo ya jumla ya afya kwa muda uleule. Wale wa ushauri walipunguza siku za kunywa kuliko wenzao, na tofauti ilionekana miezi kadhaa baadaye. Katika ushauri wa namna hiyo mtu hufanya zoezi la kukataa kama mwigizaji anavyofanya zoezi la jukwaa: mmoja anajifanya rafiki msumbufu, mwingine anajibu, wanarudia mpaka jibu litoke bila kutetereka. Nchi isiyo na madaktari wa akili wa kutosha ingetakiwa kulichukua jambo hili kwa mikono miwili.

Maana jibu unalihitaji kwenye ruracio, sherehe ya mahari, pale muratina inapozungushwa na mjomba anakukazia macho. Unalihitaji matangani, na kwenye harusi ambapo mtu mliyesoma naye anakusukumia chupa akisema, "Ah, moja tu, unanidharau?" Fundi wangu hujibu kwa maneno mawili: "Nimetosheka, ndugu." Hatoi sababu. Sababu huzaa mjadala, na mjadala wa pombe mshindi wake ni pombe. Anashika soda mkononi muda wote, kwa kuwa mkono mtupu hujazwa na wenye ukarimu, na giza likianza kuingia anaaga. Wenye sherehe nao wana lao. Weka soda na maji mezani mahali palepale penye bia, si jikoni ambako mtu lazima aombe. Na asiyekunywa usimuulize kama ameokoka, kama anameza dawa, au kama mkewe amemkataza.

Nimekuwa nikisema fundi, mjomba, jamaa, kana kwamba pombe ina jinsia. Wanawake wapo wengi, na wao saa yao mara nyingi si kumi na moja. Ni saa tatu usiku, watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na robo imefichwa ndani ya mkebe wa unga. Hana baa ya kukwepa, maana baa yake ni jiko lake. Aibu yake ni mara mbili ya mwanamume, kwa sababu mwanamume mlevi husikitikiwa na mwanamke mlevi hutangazwa. Kwake yeye namba ya simu ya mwanamke mwenzake aliyeacha, anayeweza kupokea saa tatu usiku, ina thamani kuliko semina kumi.

Kwa walio nyumbani: acheni kumnusa mlangoni. Najua mmeumizwa, najua vyombo vilivyouzwa na mishahara iliyopotea. Lakini Marlatt na wenzake walipowahoji watu waliorudia uraibu, karibu robo tatu ya visa vilitokana na mambo matatu: hisia mbaya kama hasira na upweke, ugomvi na watu, na kushawishiwa na wengine. Mahojiano ya mlangoni saa moja jioni huleta mawili ya kwanza kwa mpigo. Mdai ukweli, ndiyo, ila mdai asubuhi.

Na akiteleza? Mchovya asali hachovyi mara moja, na kuteleza hutokea kwa wengi. Marlatt aliona kwamba si glasi ya kwanza inayomzamisha mtu, ni maneno anayojiambia baada yake: nimeshaharibu, basi na iharibike yote. Kwa aibu hataki kuonekana baa, anakwenda kujificha kwenye pombe ya bei rahisi vichochoroni, na huko ndiko kuliko na kifo. Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, pombe haramu iliua watu zaidi ya 10. Glasi moja ikishamwagika kooni, lililobaki ni kupiga simu usiku uleule, si Jumatatu.

Mwezi huohuo wa Februari 2024 tulimpoteza Henry Rono, mkimbiaji Mnandi ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Yeye mwenyewe alieleza hadharani jinsi pombe ilivyomwangusha huko Marekani, hata akakosa mahali pa kulala, na jinsi alivyoingia vituo vya matibabu zaidi ya mara moja. Baadaye aliinuka, akafundisha wanariadha wengine, akarudi nyumbani. Kama mtu mwenye mapafu na nidhamu ile alihitaji kujaribu tena na tena, basi tuache kuuita ulevi ukosefu wa nidhamu.

Dawa zipo pia, na nashangaa jinsi zinavyotajwa kidogo. Kuna naltreksoni na akamprosati, ambazo huwasaidia baadhi ya watu kupunguza hamu au kutorudia. Kuna disulfiramu, ambayo watafiti wa Denmark waligundua matumizi yake miaka ya 1940: ukiimeza kisha ukanywa pombe, uso unawaka, kichwa kinapasuka, unatapika. Hizi ni za kuandikiwa na daktari, kwa hiari ya mgonjwa. Nasisitiza hiari, kwa sababu wapo wanaomtilia mtu disulfiramu kwenye chai bila yeye kujua. Akinywa pombe juu yake moyo unaweza kusimama, na utakayemzika ni yule uliyetaka kumwokoa. Na zile karatasi za kwenye nguzo za stima, za waganga wanaouza unga wa kuachisha pombe kwa siri, ziache hapohapo kwenye nguzo.

Namalizia kwa serikali za kaunti. Katiba ya 2010 iliwapa ninyi kazi ya kutoa leseni za vileo, na ada zake mnazikusanya. Kliniki zenu nyingi za ushauri hufunga saa kumi na moja jioni, dakika ileile baa zinapofungua. Hamhitaji jengo jipya. Chumba kimoja katika hospitali ya kaunti, mshauri mmoja na viti kumi, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, vinalipika kwa ada za baa chache tu. Wawakilishi wa wadi wanaonisikiliza, pelekeni hoja hiyo bungeni mwenu kabla ya bajeti ijayo.

Na wewe ambaye hamu imekukaba sasa hivi, namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Haitozwi pesa, na inapokelewa mchana na usiku.